Ukuta wa Lang'ata

Jumatatu tarehe 19 Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirudi shuleni baada ya mapumziko yaliyopitiliza. Mgomo wa walimu ulikuwa umeirefusha likizo ya Krismasi kwa wiki mbili. Kufika, uwanja wao wa kuchezea haukuwa wao tena. Katika siku zile ambazo shuleni hamkuwa na mtoto wala mwalimu, ukuta ulijengwa, na uwanja ukabaki upande wa pili.

Kilichofuata kilipigwa picha zilizozunguka dunia. Watoto wa sare, wengine hawajatimiza miaka kumi, waliandamana na wanaharakati mpaka kwenye ukuta, wakausukuma kwa mikono, wakaupiga kwa vijiti, na sehemu yake ikalala chini. Polisi walikuwepo na mbwa wao. Wakafyatua vitoa machozi. Waliokuwa wakisukuma sasa wakawa wanakimbia, wamejifunika uso kwa sweta, macho yanawaka kama yametiwa pilipili.

Serikali iliona aibu, jambo ambalo si la kila siku. Waziri wa Usalama wa Ndani, Joseph Nkaissery, aliomba radhi. Ofisa aliyekuwa akisimamia polisi pale alisimamishwa kazi. Ikatoka pia amri ya Rais kwamba shule za umma zipewe hatimiliki za ardhi zao. Wenye kuijua Nairobi hawakushangazwa na ukuta wenyewe. Tume ya Ndung'u, katika ripoti yake ya mwaka 2004, ilikuwa imeshaeleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kama karanga za harusini, viwanja vya shule na vya kuchezea vikiwa humo humo. Kilichowashangaza watu ni kwamba safari hii waliokwenda kudai walikuwa wenye uwanja wao.

Mimi picha zile ziliniuma kama zilivyowauma wengine. Lakini ziliniachia pia swali ambalo siku zile niliona haya kulitamka mbele za watu: watoto hawa walikuwa wakicheza saa ngapi?

Maana nilikuwa nawajua watoto wa Nairobi wa umri huo, wakiwemo wa ndugu zangu. Mtoto wa darasa la nane aliamshwa saa kumi na nusu usiku, saa kumi na mbili yuko kwenye dawati, jioni anarudi na mzigo wa kazi za nyumbani, Jumamosi ana masomo ya ziada, likizo ana tuisheni. Uwanja unaweza kurudishwa kwa amri ya Rais. Saa zile zilikwenda wapi?

Tusidanganyane kuhusu zamani kwanza. Kuna watu wakianza kusimulia utoto wa kale utadhani mababu zetu walilelewa peponi, kazi yao kuogelea mtoni na kupanda miembe. Mtoto wa kale alifanya kazi. Watafiti wa Kimarekani, Robert na Barbara LeVine, walipokaa Nyansongo huko Kisii katikati ya miaka ya 1950, walikuta watoto wadogo wakichunga ng'ombe, wakiteka maji na kulima, na wasichana wa miaka sita au saba wakibeba wadogo zao mgongoni. Utafiti ule ulikuwa sehemu ya mradi uliolinganisha jamii sita za nchi mbalimbali, na watoto wa Nyansongo walikuwa miongoni mwa wenye majukumu mengi kabisa.

Ila kazi ile ilikuwa na mianya. Ng'ombe akishashiba hulala, na mchungaji naye ana mawe, udongo, kijiti na mwenzake. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake *Facing Mount Kenya* cha mwaka 1938, aliwaeleza wavulana wa Kikuyu waliojitengenezea mikuki na ngao za kuchezea, na wasichana waliofinyanga vyungu vidogo na kupika chakula kisichokuwepo. Otto Raum, mtoto wa mmisionari wa Kilimanjaro, miaka miwili baadaye alichapisha kitabu kizima juu ya utoto wa Wachagga, na humo michezo ya kuigaiga ina nafasi kubwa. Hao waandishi wawili hawakuwa na sababu ya kukubaliana, mmoja akiupinga ukoloni na mwingine amelelewa misheni. Walichokiona ni kimoja: watoto wanacheza bila mtu mzima kuwaambia wacheze nini, na watu wazima wanapita wakiendelea na shughuli zao.

Kule kwetu Mombasa mwanya ulikuwa mwembamba zaidi, na hili watu wa bara huwa hawalijui. Mtoto wa Kiislamu akitoka shule huenda chuoni kusoma Kurani. Kwa hiyo sisi tulikuwa na kipande cha baina ya kutoka chuoni na adhana ya magharibi, saa moja na kitu tu. Lakini kipande hicho kilikuwa chetu. Hakuna mzazi aliyeuliza tumejifunza nini.

Nikikumbuka, sehemu kubwa ya muda ule haikuwa ya kucheza hasa. Ilikuwa ya kutengeneza na kubishana. Chukua mpira. Unaanza na tambara, unalivingirisha mpaka liwe kama ngumi. Juu yake unavalisha karatasi ya nailoni, unafunga kamba, unavalisha nyingine, unafunga tena, na kila safu unaukanyaga kidogo na kuuzungusha upate kuviringika. Aliyefunga kamba vibaya mpira wake ulifumuka katikati ya mechi, na lawama alizipata yeye mpaka siku ya pili. Tulikuwa na mmoja mtaani, mkono wake mwepesi, mpira wake ukidunda. Shuleni alikuwa wa mwisho darasani miaka yote. Mtaani hakuna timu iliyopangwa kabla yeye hajafika.

(Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, faini yake ikifika shilingi milioni nne. Sheria nzuri, naiunga mkono, mitaro yetu ilikuwa imeziba. Sikusikia mtu hata mmoja akiuliza mpira utatengenezwa kwa nini.)

Wasichana walikuwa na kati. Wawili wanasimama huku na huku wakirushiana soksi iliyoshindiliwa matambara, na aliye katikati anaikwepa. Sheria ni rahisi mpaka pale soksi inapogusa nguo. Je, nguo ni mwili? Nimewahi kuona mchezo ukisimama muda mrefu kwa swali hilo, kila mmoja na hoja yake, mkubwa wao akiitwa kuwa hakimu na yeye mwenyewe akituhumiwa kumpendelea ndugu yake. Mwisho waliamua: nguo iliyojishika mwilini ni mwili, nguo inayopepea si mwili. Sheria hiyo ilidumu mtaani kwetu miaka, na waliokuja baadaye waliikuta na kuifuata kama kwamba imeandikwa mahali. Halafu ungesikia sauti ya bibi wa nyumba ya tatu, "Nyie watoto, magharibi hiyo! Mwataka kuchezewa na mashetani?" Mtaa ukabaki mtupu.

Nilikuwa darasa la tano Januari 1985, mwezi ambao Kenya iliingia mfumo wa 8-4-4. Mfumo huo ulitokana na Tume ya Mackay ya mwaka 1981, iliyoundwa hasa kuangalia uwezekano wa kuanzisha chuo kikuu cha pili. Chuo kilipatikana, ndicho Chuo Kikuu cha Moi, na pamoja nacho ukaja mpango wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo. Nia yake sikatai ilikuwa njema. Mtoto atakayeishia darasa la nane atoke na ujuzi wa mikono: ususi, useremala, upishi, kilimo. Wazazi wakachangishana kwa harambee kujenga karakana, na shule nyingine zikazijenga pale pale watoto walipokuwa wakicheza.

Tatizo ni kwamba kila kilichoongezwa kilitahiniwa. Mtihani wa kwanza wa KCPE, ule wa kumaliza darasa la nane, ulifanywa mwaka huo huo wa 1985, na kwa miaka mingi alama zake za juu zilikuwa 700, kwa karatasi saba. Sanaa, ufundi na muziki vilikuwa na karatasi. Sayansikimu na biashara vilikuwa na karatasi. Hata wimbo ukageuka swali lenye majibu manne, chagua moja, paka rangi kisanduku. Lililobaki bila karatasi ni somo la michezo. Likabaki kwenye ratiba, limeandikwa kwa kalamu nzuri ukutani ofisini kwa mwalimu mkuu, na saa yake ikifika mwalimu wa hisabati anaingia na chaki. Watoto walijua. Hawakuinuka hata kutazama dirishani.

Simlaumu mwalimu yule. Silabasi ilikuwa nene, darasa lina watoto wengi, na kila mwisho wa mwaka magazeti yalichapisha majina ya shule kwa mpangilio wa alama. Mwalimu mkuu aliyeshuka alikuwa na mengi ya kujibu mbele ya wazazi. Basi akaongeza saa asubuhi. Jirani yake akaona, akaongeza asubuhi na jioni. Wa tatu akachukua Jumamosi. Ilikuwa kama mashindano ya spika za matangazo: mmoja akipandisha sauti, wote hupandisha, na mwishowe hakuna anayesikika zaidi ya mwenzake. Mwaka 1999 Tume ya Koech iliyoongozwa na Davy Koech ilipendekeza mfumo wote ubadilishwe. Serikali haikuupokea ushauri huo, ingawa mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo yalipunguzwa na KCPE ikashuka kutoka alama 700 hadi 500. Mtu angetarajia saa mbili tatu zirudi kwa watoto. Hazikurudi. Masomo matano yalisomwa kwa saa zile zile zilizosomewa saba.

Na hapa ndipo ninapoudhika, kwa sababu Kenya haikuwa na upungufu wa sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao kifungu chake cha 31 kinataja haki ya kupumzika na kucheza, Kenya iliuridhia Julai 1990, wakati nchi nyingi zikiwa bado zinausoma. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ikalirudia jambo hilo katika kifungu cha 17. Mwaka 2008, baada ya wimbi la fujo na moto katika shule za sekondari, Waziri Sam Ongeri alipiga marufuku tuisheni ya likizo. Mwaka 2012 Waziri Mutula Kilonzo akaipiga marufuku tena. Marufuku ikirudiwa, jua ya kwanza haikushika. Mwaka 2013 Sheria ya Elimu ya Msingi ikaifanya tuisheni ya likizo kuwa kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja.

Wakati wa likizo, watoto wakaambiwa waje na nguo za nyumbani.

Hilo ndilo lililofanyika, na kila mzazi wa mjini analijua. Sare ilikuwa ushahidi, kwa hiyo sare ikaachwa. Tuisheni ikapewa majina mapya: mara ni kambi ya vipaji, mara ni masomo ya kuwainua walio nyuma, na ajabu ni kwamba walio mbele nao walikuwa wamo. Pesa zililipwa mkononi. Waliolipa ni sisi. Hakuna askari aliyetushika shingo. Tulipanga foleni wenyewe. Mama mmoja wa Buruburu, mtu mwenye akili zake, niliwahi kumwuliza kwa nini ampeleke bintiye tuisheni likizo nzima wakati mtoto ni wa tatu darasani. Alinijibu, "Na akibaki peke yake hapa mtaani atacheza na nani?"

Jibu hilo nimelitafakari miaka. Ni kweli tupu. Mchezo wa kati unataka watu watatu, na mpira unataka kumi. Watoto tisa wakiwa tuisheni, wa kumi hata akiachwa huru atakaa ngazini na simu. Mzazi mmoja hawezi kumrudishia mtoto wake mchezo, hata akitaka, kwa sababu mchezo haukuwa wa mtoto mmoja.

Si sisi peke yetu, ingawa njia ni tofauti. Uingereza mchezo uliondolewa na gari. Mayer Hillman na wenzake waligundua kwamba mwaka 1971 watoto 80 katika kila 100 wa miaka saba na minane walikuwa wakienda shule bila mtu mzima. Kufikia mwaka 1990 walikuwa wamebaki 9. Njia ya kwenda shule ilikuwa nusu ya mchezo, kama anavyojua yeyote aliyewahi kuchelewa kwa kurushia embe mawe. Nairobi tumeipata hali hiyo kwa basi la shule, linalopiga honi getini saa kumi na moja alfajiri, na kumzungusha mtoto mitaa yote akiwa amelala kichwa dirishani, ili afike shule iliyo kilomita sita tu kutoka kwao.

Halafu ikaja tarehe 15 Machi 2020. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shule zifungwe kwa sababu ya corona, na tukadhani ni wiki chache. Wenye intaneti na tarakilishi walifundishwa kwa skrini. Wengi wa watoto wa Kenya hawakufundishwa na mtu. Sitaki nionekane naupamba mwaka ule: kulikuwa na njaa, kulikuwa na wasichana waliopata mimba, kulikuwa na watoto waliofanyishwa kazi na hawakurudi shule tena. Hayo lazima yasemwe kwanza.

Ila mwezi wa pili au wa tatu tangu shule zifungwe, mtaani kwetu, nilianza kusikia kelele ambazo sikuwa nimezisikia muda mrefu. Kwanza watoto hawakujua la kufanya. Walikaa ukutani kama watu wanaosubiri gari. Walikuwa wamezoea mtu mwenye filimbi awaambie pangeni mistari, na mwenye filimbi hakuwepo. Kisha mmoja akaleta chupa, mwingine mawe. Mjukuu wa jirani, msichana wa miaka kama kumi na mmoja, aliletwa na mamake kutoka shamba, na ndiye aliyekuwa na kati kichwani. Akawafundisha. Siku ya tatu nikasikia ugomvi mkubwa, nikatoka nikidhani wanapigana. Walikuwa wanabishana. Soksi ilikuwa imegusa gauni.

Nilirudi ndani bila kusema neno. Nilitamani sana kuwapa hukumu ya Mombasa, lakini haikuwa kesi yangu.

Shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, muda uliopotea ulitakiwa ulipwe. Kalenda ikabanwa, muhula ukaandamana na muhula, likizo zikawa za siku za kuhesabu kwa vidole. Mfumo mpya wa umilisi, ulioanza nchini kote mwaka 2019 na ambao vitabu vyake vinausifu mchezo katika kila ukurasa, uliendelea kupanda darasa kwa darasa. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Mtihani umekufa, lakini mabasi yanapiga honi saa ile ile. Kazi za nyumbani sasa zinataka manila, gundi na mzazi wa kukata picha usiku. Umoja wa Mataifa nao ukaitenga tarehe 11 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Kucheza, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2024. Ilikuwa Jumanne, siku ya shule.

Waliokuwa darasa la tatu Lang'ata Road Januari ile ya ukuta walifika darasa la nane mwaka 2020, mwaka wa corona. Walikaa nyumbani tangu Machi, wakaitwa tarehe 12 Oktoba kujiandaa, wakafanya KCPE Machi 2021. Miezi ile saba ndiyo iliyokuwa likizo ndefu kuliko zote katika maisha yao ya shule ya msingi, na ililetwa na ugonjwa.